Nakala ya Mahali Patupu

Fundi alikuwa ameshatoa skrubu zote za chini isipokuwa moja, ile ya pembeni karibu na bawaba, ambayo kichwa chake kilikuwa kimelika. Alizotoa alizitia ndani ya vizibo vya soda, na vizibo alivipanga mezani kwa umbo la kompyuta yenyewe, ili kila skrubu ijue kwao ni wapi. Hakufundishwa kazi hii na mtu. Alijifunza kwa kufungua mashine zilizokufa, akazifunga, akazifungua tena, mpaka nyingine zikafufuka kwa kuchoka kusumbuliwa.

Aliweka kipande cha mpira juu ya skrubu iliyolika, akakandamiza bisibisi, akazungusha polepole. Skrubu ikalia kidogo, kisha ikakubali.

Kompyuta ilikuwa ya afisa utumishi wa kiwanda cha magodoro. Aliileta mwenyewe asubuhi, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, akaiweka mezani kama mtu anayemshusha mtoto aliyelala.

"Fundi, imejaa," alisema. "Nafuta, nafuta, nafasi hairudi. Jana nimefuta picha zote za sherehe ya mwisho wa mwaka, bado inaniambia imejaa. Niwekee diski kubwa. Hii hapa, nimekuja nayo." Akatoa mfukoni diski mpya ndani ya pakiti yake. "Na hiyo bawaba uliniambia itakatika. Imekatika."

"Nilikwambia," alisema fundi.

"Ndiyo. Nikasema, yule dada aliyeiona bawaba ndiye nitakayempelekea."

Afisa hakukumbuka waliambizana hayo wapi. Fundi alikumbuka. Ilikuwa ofisini kwa afisa, mwaka juzi, katika wiki ya moto. Kiwanda kilikuwa kimetangaza kwamba kilichoungua ni ghala la sponji na kwamba hakuna aliyeumia. Fundi na mama yake walikwenda kumuulizia mdogo wake wa mwisho, kijana mrefu mwembamba aliyeitwa Ngongoti na kila mtu, hata na mama aliyemzaa. Alikuwa kibarua wa zamu ya usiku pale kiwandani. Afisa aliwapa viti, akawapa maji ya kunywa, akaandika jina kwenye kompyuta hii hii, kisha akaigeuza ili wajionee wenyewe. Hakukuwa na mtu wa jina hilo.

"Labda alikuwa anawaambia anakuja kazini, kumbe anakwenda kwingine," alisema afisa kwa upole. "Vijana wa siku hizi, mama."

Mama alijifuta macho kwa upindo wa nguo. Fundi hakujua ayaweke wapi yake, akayaweka kwenye bawaba ya kompyuta, na kwa kuwa bawaba ilikuwa na ufa, alimwambia afisa kwamba itakatika.

Tangu wiki hiyo mama alikuwa akichota ndoo ya maji kila jioni na kuiweka nyuma ya mlango wa bafu. Ngongoti alikuwa na desturi ya kurudi kutoka kazini ngozi inamwasha kwa dawa za sponji, na hakugusa chakula kabla ya kuoga. Asubuhi mama aliyatumia maji yale kufulia. Jioni akachota mengine.

Fundi aliinua kifuniko cha chini. Vumbi lililojikusanya kwenye feni lilikuwa la manjano, kama makombo ya godoro. Diski ilikuwa pale pale diski zinapokuwa, nyembamba, ya kutosha kiganja. Alipoichomoa ilimvuta mkono mpaka mezani. Ilibidi aishike kwa mikono miwili.

Kinyozi wa mlango wa pili alikuwa ameegemea mwimo. Alikuwa amekuja kuazima chaja, na akija kuazima kitu hukaa mpaka mwenye kitu amalize kukihitaji.

"Dada, hiyo diski au nanga?"

"Shika."

Kinyozi aliipokea, ikamwinamisha. "Lo! Imebeba nini?"

"Mwenyewe anasema haina kitu. Amefuta."

"Sasa alivyofuta vimekwenda wapi?"

"Vimo humo humo." Fundi alimweleza taratibu, kama alivyokuwa akijieleza mwenyewe wakati wa kujifunza. Ukifuta kitu kwenye diski, hakiondoki. Mashine inasahau tu mahali kilipo, halafu inapaita mahali hapo patupu. Chenyewe kinabaki kimelala mpaka kije kitu kingine kukilalia juu.

Kinyozi alifikiri. "Kama kile kibao cha jina mlangoni. Unakibandua kibao, mpangaji bado yumo ndani."

"Yumo."

"Na hajui kama amehama."

"Hajui," alisema fundi, akaichukua diski yake.

Kunakili diski kuko kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya haraka. Unachukua vinavyoonekana, unavihamishia kwenye diski mpya, chai yako haijapoa umemaliza. Ya pili ni kuichukua diski nzima, chumba kwa chumba, kuanzia cha kwanza mpaka cha mwisho, pamoja na vile vinavyoitwa vitupu. Mafundi wenzake wote walitumia ya kwanza, na walimcheka kwa kung'ang'ania ya pili. Yeye alikuwa na sababu ndogo tu. Hakupenda awe yeye ndiye wa kuamua kipi cha mtu ni cha kubeba na kipi ni cha kuacha.

Alipachika diski mbili kwenye kikasha cha kunakilia, ya zamani kushoto na mpya kulia, akabonyeza. Taa ya kijani ikaanza kupepesa, na kwenye kioo kidogo cha kikasha mstari wa kuonyesha nakala ilipofika ukaanza kujaa. Akaivuta bawaba karibu na dirisha na kuanza kuikwangua gundi ya zamani.

Mstari wa nakala ulipofika kama robo, alitoka mtu wa kwanza. Alitokea nyuma ya pazia, ambako fundi huweka mashine zilizokufa na ambako hakuna mlango, kuna ukuta na rafu. Alikuwa mzee aliyevaa ovaroli la buluu. Alinuka sponji iliyoungua.

"Shikamoo, mzee," alisema fundi.

"Marahaba, binti. Tunaweza kukaa?"

"Karibuni. Mko wengi?"

"Zamu nzima," alisema mzee, akakaa kwenye benchi la wateja, akasogea mpaka mwisho ili wengine wapate.

Wengine walikuja mmoja mmoja, kwa kadiri mstari ulivyosogea. Benchi lilipojaa walikaa kwenye maboksi, kisha sakafuni, wameegemeza migongo kwenye ukuta na kukunja miguu ili wasizibe njia. Kinyozi alikwenda kwake, akarudi na benchi lake kichwani.

"Wateja wangu leo watasimama," alisema. "Kwangu wanaleta vichwa, makalio yatajijua yenyewe."

Wawili watatu walicheka. Walicheka kwa adabu, kama watu walio kwenye nyumba ya wenyewe.

Hawakuwa wazima wote. Kila mahali ambapo afisa alikuwa ameweka kitu kipya juu ya mtu wa zamani, kipya kilikuwa kimemla wa zamani. Mwanamke mmoja, ambaye wenzake walimwita Mama Pacha, bega lake la kulia lilikuwa gari jipya la mkurugenzi, jeupe, limefungwa utepe mwekundu puani. Alikaa ameinamia upande huo kwa uzito. Msichana wa kukata sponji alikuwa na tarakimu za mauzo kifua kizima, zimepangwa safu kwa safu, na vishale vya kijani vinavyoelekea juu. Kulikuwa na mwanamume ambaye goti lake lilikuwa keki, na alikuwa akilifunika kwa kiganja kila nzi alipopita.

Mteja aliingia kutafuta waya wa simu. Aliruka miguu ya watu, akaomba radhi, akauliza kama ile ni foleni.

"Hapana," alisema fundi. "Wanasubiri nakala iishe." Akampa waya wake, mteja akaondoka akiruka miguu ile ile.

Mzee wa kwanza, ambaye alikuwa mpimaji wa mizani kiwandani, aliulizwa na kinyozi ilikuwaje. Aliweka mikono magotini.

"Tulianza na harufu," alisema. "Harufu siyo ya dawa, tunaijua ya dawa. Nikawaambia wenzangu twendeni mlangoni. Tukakuta umefungwa kwa nje, kama kawaida yake. Tukagonga. Nikaleta mawe ya mizani, tukagonga nayo. Tukapiga kelele, tukamwita mlinzi kwa jina lake, mpaka, kama mnavyoona kwenye mchoro huu, uzalishaji umepanda ukilinganisha na robo iliyotangulia, asanteni kwa kunisikiliza." Alijisugua midomo kwa mgongo wa mkono. "Samahani. Hapo paliandikwa kitu kingine juu yangu."

"Hamna neno, mzee. Endelea ukiweza."

"Ndiyo mwisho. Baada ya hapo hakuna changu."

Askari mmoja alikuwepo, amekuja kuchukua simu yake iliyobadilishwa kioo. Kinyozi alimgeukia.

"Afande, umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa?"

Askari aliikagua simu yake chini ya mwanga, mbele na nyuma. "Hawa hawawezi kufungua kesi. Mlalamikaji lazima awe hai."

"Mimi niko hai," alisema fundi.

"Basi njoo na cheti cha kifo. Na ili upewe cheti, mwajiri athibitishe kwamba marehemu alikuwa wake." Aliitia simu mfukoni. "Bila hivyo ni watu tu wamekaa dukani. Siyo kosa kukaa dukani." Aliwaaga wote, na Mama Pacha akavuta mguu ndani ili apite.

Fundi alikuwa amerudi kwenye bawaba. Alikuwa akiichanganya gundi kwa kijiti, na kila pazia lilipotikisika aliinua macho, akayashusha, akaendelea kuchanganya. Mstari ulikuwa umebakiza kidogo sana. Kinyozi alianza kufagia nywele ambazo hazikuwepo pale, kwa mazoea tu.

Ngongoti alitoka karibu na mwisho. Aliinama kupita chini ya waya wa taa, kama alivyokuwa akiinama kila alipokuja dukani kumletea dada yake maji, na akasimama palepale alipokuwa akisimama, karibu na vizibo. Uso wake ulikuwa wote. Mikono yote, miguu yote. Fundi alimkagua polepole kutoka juu mpaka chini, kama anavyokagua mashine kabla ya kumwambia mwenyewe habari njema.

"Ngongoti."

Kijana alifungua mdomo. Ikatoka sauti ya mwanamke mchangamfu, na kengele ndogo nyuma yake. "Laini mgongoni, mepesi mkononi! Magodoro yapo ya futi nne, futi tano na futi sita. Fika dukani leo!"

Alifumba mdomo. Alimtazama dada yake kwa aibu.

"Basi, usiseme," alisema fundi. "Keti hapo."

Alimpigia mama simu. "Mama, Ngongoti yupo hapa dukani."

Ilisikika sauti ya sufuria ikiwekwa chini. "Ameshaoga?"

"Bado."

"Nakuja."

Mama alikuja na ndoo, imefunikwa kwa sinia lisimwagike tone. Waliokuwa mlangoni walimpisha. Hakulia. Alimvua mwanawe ovaroli mpaka kiunoni, akakunja kitambaa, akaanza kumfuta shingo, kisha mgongo, kisha makwapa. Maji yalikuwa yanageuka meusi, na kila yalipozidi weusi kinyozi aliyamwaga kwenye mfereji, akamletea mengine kutoka kwake.

"Umekonda," mama alisema.

"Laini mgongoni, mepesi mkononi!"

Mama alisubiri mpaka kengele imalize, kama mtu anavyosubiri kikohozi kimpite mwenzake. "Haya, baba. Nimesikia. Nyanyua mkono huo."

Alipomaliza alimkausha kwa upindo wa nguo yake. Kisha akamuuliza fundi, bila kugeuka, "Atakaa?"

Fundi alikuwa ameshaichomoa diski mpya na kuipachika ndani ya kompyuta, mahali palipokuwa pa ile ya zamani. Nayo ilikuwa nzito sasa. "Atakaa itakapokaa diski, mama. Diski ni ya yule afisa."

"Huwezi kumtoa yeye peke yake ukambakiza?"

"Hayuko mahali pamoja. Amelala vipande vipande, kidogo huku, kidogo kule, katikati ya hawa wenzake. Nikimtoa inabidi nimwokote. Na nikimwokota nahitaji pa kumweka."

"Tafuta," alisema mama.

Afisa alirudi alasiri, ametoka kazini, tai ameilegeza. Alipotokea mlangoni, zamu nzima ilisimama. Walisimama bila kuambiwa, hata yule mwenye goti la keki, mikono ubavuni.

"Kaeni, kaeni," alisema afisa. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akamtambua mzee, akampa mkono. "Kumbe bado mpo. Mimi nilidhani nimeshawafuta."

"Ulifuta mahali walipo," alisema fundi. "Wenyewe walibaki."

"Ahaa." Uso wa afisa ulifunguka, kama mtu aliyekuwa akiumwa jino na sasa ameonyeshwa ni lipi. "Ndiyo maana nafasi ilikuwa hairudi! Mimi nahangaika, nafuta mpaka picha za watu."

"Ndiyo maana."

"Afisa," alisema mzee wa mizani. "Ule mlango."

"Nimekusikia, mzee. Tutalifanyia kazi."

Mama aliweka kitambaa kwenye ndoo. "Baba, huyu hapa ndiye mwanangu. Nilikuja kwako nikakuuliza. Ulisema hayupo."

Afisa alimtazama Ngongoti, kisha mama, na ilionekana kwamba sasa amekumbuka, viti na maji ya kunywa na yote. Alivuta pumzi. "Mama, kwenye mfumo hayupo."

"Lakini yupo hapa."

"Hapa yupo, mama, sibishi. Kwenye mfumo ndiyo hayupo."

"Basi mrudishe kwenye mfumo."

"Mimi naambiwa tu, mama. Naambiwa futa, nafuta. Hakuna mahali nimeandikiwa kurudisha." Alisema kwa sauti ya chini, na hakuonekana kuwa anadanganya. Akamgeukia fundi. "Ni nduguyo?"

"Mdogo wangu."

"Pole sana, fundi."

"Ahsante."

Afisa aliangalia saa yake. Aliuliza kama inawezekana kompyuta iwe bila hawa watu, fundi akamwambia inawezekana ila ni kuanza upya na kazi ya siku nzima. Afisa alikuna kidevu. Kesho asubuhi alikuwa na kikao na wanunuzi kutoka nje, na wasilisho lote lilikuwa humo.

"Wanakula nafasi kubwa?"

"Wanakula. Lakini diski hii ni kubwa sana. Bado pamebaki pengi."

"Basi waache tu," alisema afisa. "Hawanisumbui. Mkurugenzi alitaka tununue ya kati, mimi ndiye niliyesema tuchukue kubwa kabisa, kwa jinsi kazi ilivyoongezeka. Itatufaa miaka."

"Mlango wa ghala bado mnaufunga kwa nje?" aliuliza fundi.

"Lazima. Ukiacha wazi, vipande vya sponji vinatoka chini ya nguo. Watu unawajua."

Watu walikuwa wanamsikiliza. Mama Pacha alihamisha uzito wa bega lake kutoka nyonga hii kwenda ile.

Afisa alinyoosha mkono kuchukua kompyuta, fundi akamzuia. Gundi ya bawaba ilikuwa mbichi. Akiifunga sasa itapinda, na ikipinda itakatika tena. Ilikuwa kweli; fundi hakuwa mtu wa kusingizia gundi. Afisa aliigusa kwa ncha ya kidole, kidole kikanata.

"Asubuhi, basi. Ukifungua tu duka, mimi nipo mlangoni." Diski ya zamani aliichukua. Alikuwa ameagizwa airudishe ili itobolewe kwa drili mbele ya mkurugenzi. Aliitia kwenye mfuko wa suruali, suruali ikashuka upande mmoja, na akatoka akiishikilia kwa mkono mpaka kwenye gari. Watu wa zamu walimsindikiza kwa macho, kisha wakaketi.

Fundi alivuta boksi la chini ya meza. Humo aliweka diski ndogo ndogo alizowahi kuzitoa kwenye mashine zilizokufa, nyingine zimechoka, nyingine zinagonga zikizunguka. Alizijaribu moja moja, zilizofaa akazipanga. Hazikuwa nyingi. Kinyozi alitoka akarudi na diski yake ya muziki, ile anayoichezea watu wakati wa kunyoa.

"Futa yote."

"Yote?"

"Nitanyoa kimya kimya. Kuna wateja watafurahi."

Fundi alianza na miguu ya Ngongoti, kwa sababu vipande vya miguu ndivyo alivyoviona kwanza. Ilikuwa kazi ya kuokota. Anapata kisigino, anakwenda mbele mbali, anapata kifundo, anarudi nyuma kutafuta vidole. Alipoandika unyayo wa kwanza kwenye diski ndogo, unyayo wa Ngongoti ulitia kivuli sakafuni. Hakuna mtu wa zamu aliyekuwa na kivuli. Jua la alasiri liliwapita mpaka ukutani. Sasa palikuwa na kivuli cha mguu mmoja, kisha miwili, kisha magoti. Mama aliivuta ndoo pembeni ili asikikanyage.

Mara nyingine, katika kuokota, kipande cha mtu mwingine kiliambatana. Ndivyo Mama Pacha alivyopata kivuli cha kiwiko. Alikinyanyua, akakishusha, akakiangalia kikipanda na kushuka ukutani. Fundi aliona, akaacha mikono juu ya kibodi.

"Sitaweza wote," alisema. "Sina pa kuwaweka."

"Anza na wako, binti," alisema mzee wa mizani. "Sisi foleni tumeizoea."

Akaendelea. Mapaja yalijaza diski mbili. Tumbo likaenda kwenye ile iliyokuwa ikigonga, na ilibidi aishikilie kwa mkono mpaka ilipotulia. Mikono aliitia kwenye diski ya kinyozi, wa kulia kisha wa kushoto, na kivuli cha vidole kilipotokea mezani, Ngongoti alivinyoosha mpaka kwenye vizibo, akakirudisha mahali pake kizibo kimoja kilichokuwa kimesogea. Mama alimshika mkono huo, akabaki ameushika. Mabega yalipoingia, diski ya kinyozi ilijaa. Fundi alitikisa boksi. Palikuwa na skrubu, na diski moja iliyopasuka.

"Kuna fundi mwenzangu upande wa sokoni," alisema. "Anazo. Ameshafunga, lakini huwa anawahi kufungua."

"Anawahi kuliko yule afisa?" aliuliza mama.

Fundi alizima taa ya meza, akafunika gundi, akaweka bisibisi juu ya kompyuta iliyokuwa wazi ili ajue alipoishia. Sakafuni, kivuli cha Ngongoti kilikuwa kimekaa vizuri, miguu, kiwiliwili, mikono, mabega mapana kidogo kuliko alivyokuwa. Juu ya mabega, mahali pa kichwa, palikuwa na mwanga.

Kinyozi aliaga. Fundi alifungua droo akatoa kufuli, kama kila siku wakati wa kufunga duka, ambalo hufungwa kwa nje. Vyuma vilipogongana, zamu nzima ilisimama tena. Waliutazama mlango, na wale waliokuwa nyuma walisogea mbele kidogo, na msichana wa kukata sponji akaweka kiganja ukutani kama anayepima joto.

"Usifunge," alisema mama.

Fundi alirudisha kufuli kwenye droo. Alisukuma mlango mpaka ukagusa ukuta, akauegemeza kwa jiwe. Dukani kulikuwa na mashine za watu, na mtaa ule mtu haachi hata ufagio nje. Alivuta boksi, akaliweka kizingitini, akakaa. Mama akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mmoja mmoja, watu wa zamu nao wakaketi.

Kule ng'ambo ya mapaa king'ora cha kiwanda kililia, cha kuingiza zamu ya usiku. Kilipokwisha, kulisikika chuma kirefu kikiburutwa kwenye reli yake mpaka mwisho, na baada yake kitu kidogo kikibana kama kufuli. Mzee wa mizani aliinamisha kichwa, akasikiliza kama mtu anavyosikiliza kazi anayoijua.

"Wamefunga," alisema.

Fundi alikuwa akivihesabu kichwani vilivyobaki, koromeo, taya, masikio, na ile sauti, kama chini ya tangazo bado kuna sauti. Kesho angeanzia shingoni.